Kutoka Ngozi ya Chui hadi Jukwaa la Siasa: Historia ya Maana na Matumizi ya Neno ‘Madoadoa’

Ikisiri
Makala hii inafuatilia historia ya neno ‘madoadoa’ katika Kiswahili, tangu lilipokuwa neno la kueleza sura ya ngozi, manyoya na nguo hadi lilipogeuka kuwa neno la kuwatenga watu katika siasa za Bonde la Ufa nchini Kenya. Hoja yetu ni kwamba ‘madoadoa’ si wingi wa kawaida wa ‘doa’, na kwamba uovu wa matumizi ya kisiasa hautokani na neno lenyewe bali na kitenzi lililofungwa nacho. Mkanganyo wa mambo hayo mawili umewapa wanasiasa pa kujifichia na umewapa wafasiri kazi isiyokwisha.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina kivumishi chenye mzizi wake cha kuelezea kitu kilichotapakaa alama ndogondogo. Tunazo ‘-eusi’, ‘-eupe’ na ‘-ekundu’. Tunazo ‘-pana’ na ‘-refu’. Lakini kwa kitu kilichojaa alama lugha hurudi kwenye nomino na kuiunganisha kwa ‘-a’ au ‘-enye’: kitambaa cha madoadoa, mbuzi mwenye madoadoa. Huu ni utaratibu wa kawaida katika lugha yetu, na usingehitaji makala kama nomino yenyewe ingekuwa imetulia. Haikutulia. Mwalimu wa shule ya msingi Morogoro anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba chui ana madoadoa na somo likaendelea. Mwenzake wa Nakuru anaweza kusema vivyo hivyo, lakini hatashangaa darasa likitazamana. Mwezi Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya nchi hiyo ilitangaza orodha ya maneno inayoyahesabu kuwa ya chuki, na ‘madoadoa’ lilikuwa miongoni mwake pamoja na ‘kwekwe’ na ‘mende’.

Kwekwe ni magugu na mende ni mdudu; ni rahisi kuona kwa nini mtu akiitwa hivyo ametukanwa. Lakini madoadoa? Kanga anayo, chui anayo, na hakuna aliyewahi kuyaona kuwa aibu yao. Swali la makala hii ni jinsi neno la sura lilivyofika katika orodha hiyo. Jibu la haraka, linalotolewa mara nyingi, ni kwamba ‘doa’ maana yake ni uchafu, basi ‘madoadoa’ ni uchafu mwingi. Tutaonyesha kwamba jibu hilo linaruka hatua mbili, moja ya kisarufi na moja ya kihistoria.

2.0 Jirani za neno ‘doa’

Maana ya neno huonekana vizuri likisimamishwa kando ya jirani zake. Kiswahili kina maneno kadhaa ya alama iliyo juu ya kitu: doa, waa, baka, raka, paku, nukta. Hayalingani.

‘Baka’ huhitaji ukubwa. Sare za kijeshi tunaziita za mabaka kwa sababu rangi zimekaa vipandevipande vipana, na twiga naye kwa haki ana mabaka zaidi kuliko madoadoa. ‘Raka’ lina udugu na ‘kiraka’, na katika umbo la ‘marakaraka’ hutaja mchanganyiko wa rangi usio na mpangilio. ‘Waa’ limeegemea upande wa kasoro: nguo nyeupe iliyoingia waa imeharibika, na mtu asiye na waa ni mtu asiye na la kulaumiwa.

‘Nukta’ ni habari nyingine kabisa. Limetoka katika Kiarabu na limeingia kupitia maandishi. Katika hati za Kiarabu, ambazo Waswahili walizitumia kwa karne nyingi kabla ya hati za Kilatini, nukta ndiyo inayotofautisha ‘be’ na ‘te’, na ‘nun’ na ‘ye’ zinapokuwa katikati ya neno. Ukiiondoa, hukusafisha ukurasa. Umeufuta usomeke vingine. Ndiyo maana nukta imebaki kuwa alama iliyokusudiwa: nukta ya mwisho wa sentensi, nukta ya desimali, na ‘nukta nundu’, jina tulilowapa maandishi ya wasioona. Hakuna aliyefikiria kuyaita ‘madoa nundu’. Nukta ina mwenyewe aliyeiweka. Katika jamii hiyohiyo ya alama zilizokusudiwa tunaweza kuweka kitenzi ‘tona’, kama katika kutona hina, ambapo mkono hupambwa alama baada ya alama.

‘Doa’ limesimama katikati ya hawa wote, na hapo ndipo penye tatizo lake. Kamusi ya Madan ya 1903 na ile ya Johnson ya 1939, iliyojengwa juu yake, zinaliweka chini ya kitomeo kimoja likiwa na maana mbili bega kwa bega: alama yenye rangi tofauti na sehemu iliyolizunguka, na waa la kitu kilichochafuka. Watunzi hao hawakukosea, kwani ndivyo neno linavyotumika. Lakini maana hizo zina tofauti moja kubwa ambayo kitomeo kimoja hakiwezi kuionyesha. Katika maana ya kwanza doa ni la kitu chenyewe: limezaliwa nacho, au limefumwa au kuchapwa pamoja nacho. Katika maana ya pili doa limetoka nje likakiangukia, kama mchuzi juu ya kanzu. La kwanza ukiliondoa umekichuna kitu ngozi. La pili ukiliondoa umekirudishia hali yake.

Katika matumizi ya sasa, umoja ‘doa’ umezidi kuelemea maana ya pili. Mtu ametia doa jina lake. Ushindi umeingia doa. Mbele ya kioo mtu analalamikia doa shavuni. Wingi ‘madoa’ umelifuata, hasa katika lugha ya sabuni na vipodozi, ambako ‘kuondoa madoa’ na ‘madoa sugu’ ni maneno ambayo kila mwenye redio ameyasikia. Tuuweke akilini mwambatano huo wa ‘ondoa’ na ‘madoa’. Tutaurudia.

3.0 Kazi ya uradidi

Kwa sura, ‘madoadoa’ ni ‘madoa’ ambayo mzizi wake umerudiwa. Lakini kuna uradidi wa aina mbili hapa, na tofauti yake ni muhimu. Katika ‘makundi makundi’ au ‘vipande vipande’, neno zima pamoja na kiambishi chake hurudiwa, na matokeo yake kwa kawaida ni kielezi cha mgawanyo: watu walikuja makundi makundi. Katika ‘madoadoa’ na ‘marakaraka’, kiambishi hutajwa mara moja na mzizi ndio unaorudiwa. Kinachozaliwa ni nomino mpya inayotaja mtapakao.

Ushahidi wa upya wake ni kwamba haina umoja unaoishi. Husikii mtu akisema ‘doadoa moja’. Ushahidi wa pili ni kwamba haihesabiki. Nguo inaweza kuwa na madoa matano, na mfuaji akayaonyesha kwa kidole moja baada ya jingine. ‘Madoadoa matano’ hukwama mdomoni hata kwa msemaji asiyeweza kueleza sababu. Madoadoa si idadi, ni hali ya uso mzima wa kitu. Anayesema kwamba kuku ana madoa huenda anamaanisha kuku amechafuka au ana ugonjwa. Anayesema kwamba kuku ana madoadoa amemtambulisha kuku huyo kati ya wengine uani.

Kwa hiyo uradidi ulifanya kazi ya kuhifadhi. Wakati ‘doa’ na ‘madoa’ yakivutwa kuelekea uchafu, ‘madoadoa’ yalibaki na maana ile ya kale, ya sura ambayo ni ya kitu chenyewe. Hii ndiyo hatua ya kisarufi inayorukwa na wanaosema kwamba madoadoa ni uchafu mwingi.

4.0 Ngozi, nguo na Maandiko

Mahali pazuri pa kuona maana hiyo ni kwenye tafsiri ya Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, kwa sababu watafsiri walilazimika kuchagua neno baada ya neno na uchaguzi wao ukasambaa katika bara zima la Afrika Mashariki. Katika Yeremia 13:23, neno linalotumika kwa ngozi ya chui ni ‘madoadoa’. Hoja ya nabii ni kwamba waliozoea mabaya hawabadiliki, na ili mfano wake usimame ni lazima madoadoa yawe kitu kisichoweza kuondolewa. Yangekuwa uchafu, chui angeoga tu. Kwa upande mwingine, panapohitajika kusemwa kasoro ya kimaadili au ya sadaka, kama katika 1 Petro 1:19, maneno yaliyochaguliwa ni ‘ila’ na ‘waa’. Watafsiri hao waliona mpaka ambao wengi wetu leo tumeacha kuuona.

Habari ya Yakobo na Labani katika Mwanzo 30 ni nzito zaidi kwa mada yetu. Yakobo anaomba ujira wake uwe wanyama wenye madoadoa na marakaraka katika kundi analolichunga. Labani anakubali, na siku hiyohiyo anawatenga wanyama wa namna hiyo, anawakabidhi wanawe, na kuweka mwendo wa siku tatu kati yao na kundi lililobaki. Msomaji wa Kenya ya leo hawezi kuisoma sura hii bila kusikia mwangwi. Hata hivyo, katika kisa chenyewe anayewatenga wenye madoadoa ni mdanganyifu anayetaka kukwepa deni, na wenye madoadoa ndio mali. Hakuna katika maneno hayo dalili ya najisi.

Nguo nazo zinashuhudia. Inasimuliwa sana katika mwambao kwamba vazi la kanga lilipata jina lake kutokana na ndege kanga, kwa kuwa miongoni mwa michoro yake ya awali, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ilikuwepo iliyofanana na manyoya ya ndege huyo, meusi yaliyonyunyiziwa weupe. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakinunua leso zilizochapwa na kuziunga pamoja, na jina ‘leso’ lingali hai Mombasa. Tukiikubali simulizi hiyo, basi vazi linalotambulisha zaidi ustaarabu wa wanawake wa Kiswahili limeitwa kwa sababu ya madoadoa yake. (Msomaji asivutwe na ‘doti’ ya kanga kudhani kwamba ina uhusiano wowote na madoadoa. Doti ni neno lililotoka Bara Hindi, na katika biashara ya misafara ya karne ya 19 lilikuwa kipimo cha nguo.)

5.0 Bonde la Ufa

Matumizi ya kisiasa yana ardhi chini yake, kwa maana halisi ya neno. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ilitengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na wenyeji wakasukumwa pembeni huku vibarua wakiletwa kutoka kwingine. Uhuru ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962 ulinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa, na baada ya hapo kampuni na vyama vya kununua ardhi viliendelea na kazi hiyo. Waliopata ardhi hawakuwa wa jamii moja. Ukiichora ramani ya makazi hayo kwa rangi za lugha za nyumbani, utapata hasa kile ambacho Kiswahili hukiita madoadoa: vijiji vya wasemaji wa Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo na Kikisii ndani ya maeneo ambayo wasemaji wa Kikalenjin na Kimaasai waliyahesabu kuwa yao tangu kale. Kama maelezo ya ramani, neno hilo lisingekuwa na ubaya wowote.

Mwaka 1991, shinikizo la kurudisha vyama vingi lilipokuwa likipanda, mikutano ya hadhara katika Bonde la Ufa ilianza kudai majimbo, na baadhi ya wasemaji waliyaeleza majimbo kuwa kurudi kwa kila mtu kwao. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo ghasia zilizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, kisha zikaenea. Molo na Burnt Forest ni miongoni mwa majina yaliyobaki katika kumbukumbu. Africa Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa na wapatao 300,000 kufukuzwa makwao. Ni katika siasa za muongo huo ndipo ‘madoadoa’ yalipozoeleka kuwa jina la wakazi waliohesabiwa wageni, na neno likarudi tena na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo vyake kuwa 1,133.

Nini kilitokea kwa lugha? Wasemaji hawakuunda neno, wala hawakulipa maana ambayo haikuwapo katika familia yake. Walifanya jambo dogo zaidi. Walilichukua neno la sura, ‘madoadoa’, wakalitia katika nafasi ya neno la uchafu, ‘madoa’, ndani ya mwambatano uliokwisha kuzoeleka: kuondoa madoa. Katika sarufi ya awali kauli ‘ondoa madoadoa’ ni ya ajabu, kwa kuwa madoadoa hayaondoleki. Hicho ndicho alichokuwa akikisema Yeremia. Lakini kitenzi hakiombi ruhusa. Mara tu kinapotamkwa, kinaingiza dhana kwamba uso wa nchi ulikuwa wa rangi moja, kwamba rangi nyingine zimeuangukia kutoka nje, na kwamba kuzitoa ni usafi. Dhana hizo tatu hazimo katika neno ‘madoadoa’. Zimo katika ‘ondoa’.

Na hapa uradidi, uliokuwa umelihifadhi neno, uligeuka ukawa wa kulitumikia lengo jipya. Tulisema kwamba madoadoa hayana umoja na hayahesabiki. Mkulima mmoja wa Molo mwenye mke, watoto na hatimiliki hawezi kuwa ‘doadoa’, sarufi haimruhusu. Anaweza tu kuwa ndani ya mtapakao. Neno linafuta watu mmojammoja kabla ya kitenzi kufika. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu ‘madoadoa’ lilikuwa na nguvu ambayo tusi la kawaida halina: ‘mende’ bado anaweza kuwa mmoja, na mmoja anaweza kujibu.

Upatanisho wa kisarufi nao una la kusema. Anayesema ‘madoadoa yale’ ameliacha neno katika ngeli yake, na anaweza kujitetea kwamba alizungumzia vitu: vyama vya wapinzani, tabia, hata rangi za bendera. Anayesema ‘wale madoadoa’ amekwisha kuvuka, kwa kuwa kiwakilishi kimewafunua walengwa kuwa ni watu. Wachunguzi wa hotuba za siasa wangefaidika kusikiliza viambishi kwa makini kama wanavyosikiliza mizizi.

Januari 2022 seneta mmoja alilitumia neno hili katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, akakamatwa, na mjadala uliofuata magazetini na katika vyombo vya utangazaji ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa kamusi. Upande mmoja ulishika maana ya doa kuwa waa na kusema neno ni la chuki kwa asili yake. Upande wa pili ulishika maana ya sura, au ukasema walengwa walikuwa wagombea wa vyama vingine. Kila upande ulikuwa na kitomeo cha kuusaidia, na hakuna uliohitaji kuzungumzia kitenzi, mahali wala historia. Eldoret si mahali popote tu pa kulitamka neno hilo. Wasikilizaji wenye umri wa kukumbuka 1992 na 2008 walilielewa bila kamusi.

Wafasiri wamepata taabu yao pia. Kila anayelihamishia neno hili katika lugha nyingine hulazimika kuchagua kati ya alama ya sura na alama ya uchafu, na akichagua ametoa hukumu kabla ya hakimu. Akiandika uchafu, msemaji ametiwa hatiani na tafsiri. Akiandika sura, walengwa wamenyamazishwa nayo. Njia yenye haki zaidi, ijapokuwa haipendezi machoni pa wahariri, ni kuliacha neno kama lilivyo na kueleza kando yake kitenzi lililoandamana nacho.

6.0 Kuhusu kitomeo

Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi matamshi ya chuki, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 imeyafanya matamshi hayo kuwa kosa. Sheria inahitaji kujua maneno yanasema nini. Orodha ya maneno ni msaada, lakini ina hatari inayojulikana kwa kila mwanaleksikografia: hulitoa neno katika sentensi yake. Orodha ikisomwa bila muktadha, mfugaji wa kuku na mshonaji wa nguo wanakuwa washukiwa. Na mwanasiasa mwerevu anahamia neno jingine kesho yake, akibaki na kitenzi kilekile.

Kamusi za Kiswahili sanifu, nyingi zikiwa zimetungwa Tanzania, hazina budi kuliangalia neno hili upya. Tunapendekeza kwanza kwamba ‘madoadoa’ liwe kitomeo kinachojitegemea, lisiwe tu mfano chini ya ‘doa’, kwa kuwa halina umoja na maana yake haipatikani kwa kuzidisha maana ya ‘doa’. Pili, maana ya sura itangulie, kwa kuwa ni ya zamani zaidi katika umbo hili na ndiyo inayotumika katika eneo kubwa zaidi. Tatu, maana ya kisiasa iingizwe waziwazi, ikiwa na alama ya matumizi ya Kenya na ya dharau, pamoja na maelezo kwamba hutokea hasa na vitenzi ‘ondoa’, ‘toa’ na ‘safisha’. Wapo watakaosema kwamba kuiingiza ni kuihalalisha. Lakini maana hiyo ina zaidi ya miaka thelathini, na waliofukuzwa makwao kwa jina hilo hawakusubiri kamusi ili waielewe.

Suala la ngeli tunaliacha wazi kwa watafiti wa Kiswahili cha bara ya Kenya. Data za mikutano ya hadhara zilizorekodiwa tangu 1992 zingeweza kuonyesha ni lini hasa ‘madoadoa yale’ yalianza kupisha ‘wale madoadoa’, na kama mabadiliko hayo yalitangulia ghasia au yalizifuata.